Ayalandi kwa Majina: Kutoka Dimbwi Jeusi hadi Kanisa la Kale

Jumatatu, Dublin

Mimi ni mpima ardhi. Nilikuja Dublin kwa kozi fupi, kozi ikaisha, nikaomba ruhusa kabla ya kurudi Dodoma. Wenzangu wamekwenda kuangalia kiwanda cha bia. Mimi nimeamua kufuata majina, kwa sababu kazini kwetu mipaka ina ugomvi wake, lakini ugomvi usioisha ni wa namna ya kuandika jina la kijiji.

Asubuhi nimelitafuta dimbwi. Dublin imetokana na Dubh Linn, dimbwi jeusi, lililokuwa pale mto Poddle ulipoingia mto Liffey. Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, walifika mwaka 841, wakaweka kambi ya majahazi yao. Leo palipokuwa na maji pana bustani ya duara nyuma ya Kasri la Dublin, na katikati ya nyasi wamechora nyoka wa baharini kwa matofali. Watoto wanakimbizana juu ya mikia ya nyoka, wazazi wanakunywa kahawa. Poddle wenyewe haujafa, umefukiwa tu: unapita chini ya jiji ndani ya handaki, unatokea kwenye ukuta wa Liffey kupitia tundu lenye nondo. Maji yakikupwa unaliona ukiwa ng'ambo. Hakuna aliyesimama kuliangalia isipokuwa mimi na shakwe mmoja.

Ila kwa Kiayalandi jiji haliitwi hivyo. Linaitwa Baile Átha Cliath, mji wa kivuko cha fito. Watu walisuka fito kama zile za ukuta wa nyumba ya udongo kabla haujakandikwa, wakazilaza mtoni ili wao na ng'ombe wao wasizame kwenye tope. Kila kibao cha barabarani kina majina mawili, la Kiayalandi juu kwa herufi za mlalo, la Kiingereza chini kwa herufi kubwa. Mgeni hudhani la chini ni tafsiri ya la juu. Hapa sivyo: moja ni dimbwi, jingine ni kivuko, sehemu mbili zilizokuwa jirani. Rasi ya Howth nayo imetoka kwenye neno la Waviking la kichwa, huku Waayalandi wakiiita Binn Éadair. Leixlip, mji mdogo magharibi ya Dublin, ni mruko wa samaki aina ya samoni katika lugha ya Waviking, na hapo Waayalandi walitafsiri moja kwa moja: Léim an Bhradáin.

Mchana nimepanda basi hadi Phoenix Park, bustani kubwa kupindukia yenye kulungu wanaojiachia. Jina linatokana na fionn uisce, maji maangavu. Sikio la Kiingereza lilipokea sauti hiyo likasikia finiksi, yule ndege wa hadithi anayeungua na kufufuka kwenye majivu. Mwaka 1747 Lord Chesterfield akasimamisha nguzo bustanini na kumweka ndege huyo juu. Nguzo ipo hadi leo. Sikio lilikosea, kosa likajengewa mnara, na watalii wanapiga nalo picha.

Humo humo bustanini yalikuwa makao makuu ya upimaji ulioanza mwaka 1824, na hapo ndipo nilipotaka kufika. Serikali ya Uingereza ilitaka kodi ya ardhi iwe sawa, na huwezi kutoza kodi sawasawa bila kujua kitongoji kinaanzia wapi na kinaitwaje. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vya ekari chache tu, na kila kimoja kina jina. Vipimo walipewa wanajeshi. Majina yakaja kumwangukia John O'Donovan, mtoto wa mkulima kutoka kaunti ya Kilkenny, aliyezaliwa mwaka 1806 na kuingia kazini mwaka 1830.

Utaratibu wao naufahamu kwa sababu bado tunafanya vilevile. Wanajeshi waliandika kwenye daftari tahajia zote walizozipata: ya mwenye shamba, ya padri, ya mkusanya kodi, ya ramani za zamani, na pembeni wakaandika imetoka kwa nani. O'Donovan akafuata nyuma, mara nyingi kwa miguu, mvua ikimpiga, akiwatafuta wazee waliokijua Kiayalandi. Aliwasikiliza wanavyotamka, akaandika asili na maana, kisha akachagua tahajia ya Kiingereza itakayochapwa kwenye ramani. Ukiniuliza mimi, alikuwa fundi hasa. Asili aliijua, akaiandika daftarini. Kilichoingia kwenye ramani ni sauti yake tu, kwa herufi za Kiingereza.

Hasara yake inaonekana kwenye silabi moja, Kil. Kuna cill, kanisa, na kuna coill, msitu, na kwenye ramani yote mawili yaliishia kuwa Kil. Kildare ni kanisa la mwaloni, hilo halina ubishi. Lakini ukikutana na Kilmore, moja ni kanisa kubwa na nyingine ni msitu mkubwa, na ramani haikwambii ipi ni ipi. Inabidi urudi kwenye daftari.

Jumanne, Dublin

Siku ya makaratasi. Mwaka 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, ofisi ya kumbukumbu iliyokuwa ndani ya jengo la Four Courts iliteketea, na karne nyingi za nyaraka zikaenda na moshi. Ndiyo maana anayetafuta ukoo wake Ayalandi huangukia sehemu mbili: orodha ya uthamini wa ardhi iliyotolewa kati ya mwaka 1847 na 1864, inayotaja wapangaji kitongoji kwa kitongoji, na sensa za mwaka 1901 na 1911, ambazo zimebaki nzima na mtu yeyote anaweza kuzisoma bure kwenye mtandao.

Fomu za sensa ni tamu kusoma kwa sababu mkuu wa kaya alijaza mwenyewe. Unaona wino ulipomwagika, unaona asiyejua kuandika alivyoweka alama ya msalaba. Kuna safu ya lugha. Na mwaka 1911 wapo walioamua makusudi kujaza fomu nzima kwa Kiayalandi, jina la ukoo likiwa na Ó yake.

Hiyo Ó ina historia ndefu. Ó maana yake mjukuu, au mtu wa uzao wa fulani. Mac ni bin. Majina ya ukoo yalianza kuganda hapa mapema kuliko sehemu nyingi za Ulaya. Kumbukumbu za kale zinamtaja Tigherneach Ua Cléirigh, bwana mmoja wa upande wa Galway, aliyefariki mwaka 916. Na huyo Cléirigh aliyeachia ukoo jina? Neno lake ni mtu wa kanisa mwenye elimu, karani. Nimecheka peke yangu mbele ya kompyuta: moja ya majina ya ukoo ya kale kabisa barani Ulaya ni wajukuu wa karani.

Kisha makarani wengine wakaja na kifutio. Sheria ya mwaka 1465 iliwaagiza Waayalandi walioishi maeneo ya kuzunguka Dublin yaliyokuwa chini ya Uingereza wachukue majina ya Kiingereza: ya miji kama Sutton na Chester, ya rangi kama White na Brown, ya ufundi kama Smith, ya kazi kama Cook. Baadaye, katika karne ya 17 na ya 18, Ó na Mac zilidondoka kwa wengi, kwa sababu kuwa nazo hakukumsaidia mtu kupata kazi wala shamba. Mwishoni mwa karne ya 19, mwamko wa lugha ulipokuja, baadhi wakazirudisha. Ndiyo maana leo kuna Sullivan na O'Sullivan, Connor na O'Connor, na huenda babu yao ni mmoja.

Jumatano, Galway

Treni kutoka kituo cha Heuston, mwendo wa saa mbili na nusu hivi, nchi yote ni tambarare ya kijani na ng'ombe. Binamu yangu amenipokea stesheni. Yeye ni muuguzi hapa, miaka sasa.

Jioni tukila wali ndipo aliponipa somo bora kuliko la nyaraka. Pasipoti yake ina majina matatu kama yetu sote: lake, la baba, la babu. Alipoajiriwa, mfumo ukachukua la mwisho ukalifanya jina la ukoo. "Kwa hiyo kazini wananiita kwa jina la babu," akasema. "Wodi nzima. Babu mwenyewe hajawahi kupanda hata ndege." Mtoto wake alipozaliwa hapa akaandikwa hilohilo. Kwetu Tanga mtoto huyo angebeba jina la baba yake na la babu yake wa upande wa baba, na la mzee wetu lingebaki kwetu. Sasa limekwama, litaendelea hivyo vizazi na vizazi.

Nikamwambia, dada, hiyo ndiyo Ó. Brian Boru, mfalme aliyeuawa kwenye vita vya Clontarf mwaka 1014, alikuwa na wajukuu, wakaitwa Ó Briain, wa uzao wa Brian. Vitukuu kwa kawaida wangehamia jina jingine. Hawakuhama. Mnyororo ukasimama kwa Brian, na leo kila O'Brien duniani anaitwa mjukuu wake. Akanijibu, "Basi babu yetu naye kawa mfalme."

Wanawake wana mpango wao, na huo umenifurahisha. Mwanamume ni Ó Briain, binti yake ni Ní Bhriain, mke wake ni Uí Bhriain. Nyumba moja, maumbo matatu, na kila moja linakwambia mtu huyo ni nani kwa nani. Binamu yangu anasema kwenye fomu za ofisini hapo ndipo kompyuta huchanganyikiwa, na yeye anawaonea huruma.

Galway mjini wanajivunia koo kumi na nne za wafanyabiashara waliotawala mji kwa karne nyingi: Lynch, Blake, Joyce, Martin na wenzao. Kumi na mbili asili yao ni Wanormani na Waingereza. Mbili ni za Kiayalandi: Kirwan, na D'Arcy ambaye ukimsikia unadhani katoka Ufaransa, kumbe ni Ó Dorchaidhe aliyevaa koti la kigeni. Mji umewaenzi kwa namna moja ya ajabu: umewapa vipilefti. Kulikuwa na kipilefti cha Kirwan na kipilefti cha Bodkin, ingawa hivyo viwili sasa ni njia panda za taa. Ukoo uliomiliki meli leo unatajwa kwenye redio asubuhi pamoja na foleni.

Alhamisi, Connemara

Binamu ana siku ya mapumziko, tumechukua gari lake. Connemara ni Conmhaicne Mara, watu wa ukoo wa Conmhaicne wa kando ya bahari; watu waliipa nchi jina. Kaskazini yake kuna Dúiche Sheoighe, nchi ya akina Joyce, na hao ni wageni waliokuja kutoka Wales.

Ukishaingia kwenye eneo la wazungumzaji wa Kiayalandi, Kiingereza kinatoweka kwenye vibao. Nilikuwa na hamu ya kibao kimoja: Muiceanach idir Dhá Sháile, kilima chenye mgongo wa nguruwe kati ya maji mawili ya chumvi. Kwa tahajia ya Kiingereza ni Muckanaghederdauhaulia, herufi 22 bila nafasi wala huruma. Kwa Kiayalandi ni maneno manne, na mtoto anaweza kukuchorea mahali penyewe. Tumefika. Kuna mawe, kuna maji pande mbili, kuna kilima. Nguruwe sikumwona, ila mgongo upo.

Dukani tumekutana na mzee aliyependa mazungumzo. Nikamuuliza kama huku kuna watu wa ukoo wa King, maana nilisoma. Akasema tele. Jina lao la asili ni Mac Conraoi. Karani alisikia sehemu ya mwisho, raoi, ikamkumbusha rí, mfalme, akaandika King. Ufalme wa bure. Wengine waliangukia sauti, au tafsiri sahihi: Mac an Bhaird, bin malenga, akawa Ward kwa kufuata sauti, Mac Gabhann, bin mhunzi, mmoja akawa McGowan na nduguye akawa Smith, na huyo wa pili leo huwezi kumtofautisha na Mwingereza.

"Lakini hapa kijijini," mzee akaendelea, "jina la ukoo halina kazi. Nusu yetu tuna lile lile." Wanaitana kwa mnyororo: Colm Mháirtín Sheáin, yaani Colm wa Máirtín wa Seán. Ndivyo barua zinavyofika. Binamu yangu akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Tumefika Tanga."

Ijumaa, njiani

Basi hadi Limerick, basi tena hadi Tralee, basi la tatu hadi Dingle. Mvua mwanzo mwisho.

Jumamosi, Dingle

Mji huu uliwahi kugombana na serikali kwa sababu ya jina. Kwa Kiayalandi ni Daingean Uí Chúis, ngome ya Ó Cúis. Agizo lililoanza kutumika mwaka 2005 liliondoa majina ya Kiingereza kwenye vibao na ramani rasmi katika maeneo ya Kiayalandi, na mji ukabaki kuwa An Daingean. Wenyeji, ambao wengi wanaishi kwa utalii, wakaja juu: wageni wanatafuta Dingle, na hakuna kibao chenye Dingle. Watu wakaanza kuliandika wenyewe kwa rangi kwenye vibao. Mwaka 2006 wakapiga kura, wengi mno wakataka majina mawili kwa pamoja, na sheria ya mwaka 2011 ndiyo iliyowarudishia Dingle yao.

Nilidhani nitakuwa upande wa lugha. Mama mwenye gesti, ambaye anaongea Kiayalandi na paka wake, amenibadilisha kidogo. Alisema hakukasirishwa na Kiayalandi, alikasirishwa na kutoulizwa. Isitoshe walikata nusu ya jina, wakamtupa Ó Cúis na kubakiza ngome. Kama mpima ardhi sina la kumjibu. O'Donovan angalau alikwenda kuuliza.

Mchana nimekodi baiskeli hadi Kilmalkedar, kanisa la karne ya 12 lisilo na paa, upande wa pili wa mlima. Upepo ulikuwa mbele kwenda na, sijui kwa vipi, mbele kurudi. Nilifuata jiwe moja. Limesimama uwanjani kati ya makaburi, jembamba, linanifikia kifuani hivi, lina tundu juu unaloweza kupitisha kidole gumba. Kwenye ukingo wake kuna mikato mifupi, mingine kushoto, mingine kulia, mingine ya mshazari. Hayo ndiyo maandishi ya ogham, ya kale kuliko yote ya Kiayalandi, na mengi yake yako kusini huku. Nimepitisha vidole kutoka chini kwenda juu kama inavyosomwa. Mikato mingine imelika, unaisikia zaidi ya kuiona. Wataalamu wamelisoma: ANM MAILE INBIR MACI BROCANN. Jina la Mael Inbir bin Brocán.

Basi. Hakuna sala, hakuna tarehe, hakuna sifa. Mawe haya karibu yote yanasema kitu kimoja, fulani bin fulani. Na Kilmalkedar lenyewe ni jina la mtu, kanisa la Maolcéadair. Maol ni mwenye kichwa kilichonyolewa, mtumishi wa Mungu au wa mtakatifu. Kuna na giolla, mtumwa wa fulani, linalofanya kazi ile ile ya Abdi katika Abdallah. Mac Giolla Phádraig, bin mtumishi wa Patrick, ameishia kuandikwa Fitzpatrick, akapachikwa Fitz, yaani bin ya Wanormani, ambayo haikuwa yake.

Jumapili

Basi, treni, basi. Nimelala Dublin.

Jumatatu, Derry

Basi la kaskazini linavuka mpaka wa kuingia Ayalandi ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, pale Aughnacloy, na hakuna mtu anayekusimamisha. Unajua umevuka kwa vibao: mwendo unageuka kutoka kilomita kuwa maili, na Kiayalandi kinaondoka juu ya Kiingereza. Majina yenyewe hayakujua kuna mpaka. Aughnacloy ni Achadh na Cloiche, shamba la jiwe. Kaunti ni Tyrone, Tír Eoghain, nchi ya Eoghan. Kaunti ya jirani ni Donegal, Dún na nGall, boma la wageni.

Kadiri tulivyokaribia mji ndivyo kibao kilivyozidi kuchubuka. Jina la asili ni Doire, msitu wa mialoni. Mwaka 1613 wafanyabiashara wa London walipokabidhiwa mji, hati ya mfalme ikaubandika London mbele. Tangu hapo unavyoutaja mji kunakutambulisha: Wakatoliki wengi husema Derry, rasmi ni Londonderry, na mwaka 2007 mahakama ilisema jina rasmi halijabadilika. Kwenye vibao vitatu nilivyohesabu, London ilikuwa imepakwa rangi. Kazi safi, wameacha Derry bila doa.

Nilimuuliza dereva wa teksi yeye anasemaje. Akaniuliza kwanza, "Wewe unataka nikupeleke wapi?"

Jumanne, Belfast

Treni ya asubuhi inapita kando ya bahari, nzuri kuliko zote nilizopanda huku. Belfast ni Béal Feirste, mdomo wa mto Farset pale penye fungu la mchanga. Farset nao umefukiwa, chini ya High Street, mtaa wa maduka. Miji mikubwa miwili ya kisiwa imechukua majina kwenye maji yaliyofichwa chini ya lami.

Nimetembea barabara ya Shankill, ngome ya Waprotestanti wanaojiona Waingereza kabisa, bendera za Uingereza kila nguzo. Shankill ni sean chill, kanisa la kale. Ni Kiayalandi kitupu. Mwenye duka la magazeti alikuwa anajua, akasema jina halina dini. Akaongeza kwamba kibao cha Kiayalandi barabarani kwake ni jambo jingine.

Kuhusu vibao, tangu mwaka 2022 baraza la jiji limeweka utaratibu kwamba wakazi wa mtaa wakifika asilimia 15 wanaotaka kibao chenye Kiayalandi, ombi linaweza kusonga mbele. Kila ombi lina ubishi wake, na nimeona mitaa miwili inayoshikana, mmoja una kibao cha lugha mbili, mwingine cha Kiingereza tu, nyumba zote zimejengwa kwa matofali mekundu yaleyale. Kinachoniuma kama mtu wa ramani ni vitongoji. Katika miaka ya 1970 posta iliweka namba za nyumba na majina ya barabara mashambani Ayalandi ya Kaskazini, na majina ya vitongoji yakaondolewa kwenye anwani. Kaunti ya Fermanagh ilikataa, ikabaki nayo. Mradi wa majina wa Chuo Kikuu cha Queen's hapa Belfast umekuwa ukiyakusanya na kuyafafanua, na O'Donovan mwenyewe aliwahi kuwa profesa katika chuo hicho.

Binamu amenitumia ujumbe sasa hivi: mwanawe ameambiwa shuleni achore mti wa ukoo, na mwalimu ameuliza mbona babu yake mzaa mama hana jina moja la ukoo na mama na wajomba. Nimemwambia ajibu kwamba majina yetu bado yanatembea.